Biskuti za friji: changanya leo, oka siku wageni watakapobisha hodi

Biskuti hizi hazihitaji kifimbo cha chapati wala vikataji vya maumbo. Unachanganya donge, unalivingirisha liwe gogo, unaliacha kwenye friji ligande, kisha unakata vipande na kuoka. Ukitaka kumi tu za chai ya saa kumi, unakata kumi na gogo linarudi kwenye baridi. Kazi ya mikono yenyewe haizidi dakika ishirini.

Kinachowashinda wengi ni joto la siagi. Ikilainika kupita kiasi wakati wa kuchanganya, au gogo likikatwa kabla baridi haijafika katikati, biskuti zitatandazika ndani ya oveni hata uwe na kisu kikali namna gani. Karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuilinda siagi isiyeyuke kabla ya wakati wake.

Vinavyohitajika

Kipimo kimepangwa kufuata pakiti ya siagi ya gramu 250, usibakiwe na kipande cha kuzunguka nacho. Kinatoa magogo mawili yenye unene wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 25, yaani biskuti kati ya 65 na 70.

- Siagi isiyo na chumvi, gramu 250
- Sukari ya unga, ile ya aisingi, gramu 120 (kikombe 1 cha mililita 250)
- Viini vya mayai 2. Ute weka kando, una kazi baadaye
- Vanila, kijiko cha chai 1 na nusu
- Chumvi laini, nusu kijiko cha chai
- Unga wa ngano mweupe, gramu 350 (vikombe 2 na nusu, unga uliotiwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu, bila kushindiliwa)

Vyombo: mizani kama unayo, bakuli kubwa, mwiko, chekecheo, rula, karatasi ya kuokea na kisu chembamba chenye makali.

Siagi inahitaji maneno zaidi. Ukimtuma mtu dukani Nairobi alete "siagi", kuna uwezekano mkubwa arudi na Blue Band, maana kwa mazungumzo ya kawaida hatutofautishi. Kwa biskuti hizi tofauti ipo. Siagi ya maziwa ina mafuta karibu asilimia 80 na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Majarini ngumu ya kuokea iko karibu na hapo na inafaa, ila ladha itakuwa nyepesi. Majarini laini ya kupaka mkate huwa na maji mengi zaidi na imetengenezwa makusudi ibaki laini hata ikitoka kwenye friji, na hiyo ndiyo tabia tusiyoitaka: gogo halitaganda vizuri, litabonyea chini ya kisu. Soma lebo. Mafuta yakiwa chini ya asilimia 70, nunua nyingine. Mafuta magumu meupe ya kupikia, kama Kimbo, ni mafuta matupu yasiyo na maji. Ukilazimika kuyatumia, weka gramu 200 na vijiko vikubwa 2 vya maziwa, uongeze vanila kidogo. Biskuti zitavunjika vizuri mdomoni lakini harufu ya siagi hutaipata. Kama siagi uliyopata ina chumvi, usiongeze nyingine.

Sukari ya kawaida ya madukani kwetu ina chembe kubwa. Donge hili lina maji kidogo, kwa hiyo chembe hizo haziyeyuki. Zinabaki kama mchanga na kuacha vidoa vinavyong'aa juu ya biskuti. Kama huna ya aisingi, saga gramu 120 za sukari ya kawaida kwenye blenda kavu kwa dakika moja, subiri vumbi litulie kabla ya kufungua kifuniko, kisha ichekeche.

Unga uwe mweupe wa kawaida, ule wa chapati na mandazi. Wa kujiumua usiuguse: umeshatiwa hamira ya unga, na biskuti zitavimba, zipoteze kingo zake, kisha zinywee zikipoa.

Mbona hakuna hamira ya unga kabisa? Kwa sababu biskuti ya kukatwa inapaswa kutoka kwenye oveni na umbo lile lile ililoingia nalo. Nairobi tuna sababu ya ziada. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na gesi yoyote ndani ya donge hupanuka zaidi kuliko ingepanuka Mombasa. Ndiyo maana vipimo vya watu wa pwani au wa ng'ambo hutusaliti: biskuti hupanda upesi, hutandazika na kuporomoka. Ukiwa na kipimo cha aina hiyo na unakipenda, punguza hamira ya unga kwa robo, toa kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwa kila kikombe, na ongeza kijiko kikubwa kimoja au viwili vya unga.

Kuchanganya

Toa siagi kwenye friji mapema, uikate vipande vidogo. Iko tayari ukiibonyeza kidole kikaacha shimo lakini kidole hakitoki kiking'aa kwa mafuta. Hiyo ni kama nyuzi 18 hadi 20. Mchana wa Februari nusu saa inatosha, na ukiisahau utaikuta imelegea. Julai ni kinyume: jikoni kuna baridi na siagi inaweza kukaa asubuhi nzima bado ngumu. Hapo weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili huku ukigeuza kwa mwiko. Usiiyeyushe ukidhani itarudi ilivyokuwa ikipoa. Siagi iliyoyeyuka hutengana na maji yake, na donge litakuwa la mafutamafuta.

Ponda siagi na sukari kwa mwiko mpaka usione sukari kavu tena. Dakika moja au mbili, basi. Hii si keki. Usipige mpaka ikawa nyeupe na nyepesi, kwa kuwa hewa yote unayoingiza itapanuka ndani ya oveni na kuharibu umbo. Ukitumia mashine, iwe mwendo wa chini kabisa.

Tia viini, vanila na chumvi, changanya mpaka rangi iwe moja. Chekecha unga juu yake kwa awamu mbili. Awamu ya pili tumia mkono au mwiko kwa kukunja na kubonyeza, na uache mara tu unga mweupe unapopotea. Mkono uliozoea chapati utatamani kuendelea kukanda. Uzuie. Kukanda ndiko kunakoifanya chapati ivutike, na biskuti inayovutika ni biskuti ngumu.

Donge zuri linashikana likibanwa, halinati kwenye vidole, na linafanana na udongo wa kufinyanga ulio laini. Likiwa kama mchanga mkavu, ongeza kijiko cha chai kimoja cha maziwa, na ungoje kidogo kabla ya kuongeza cha pili. Likinata, usikimbilie unga. Mara nyingi shida ni joto, na dakika 15 kwenye friji zitalirekebisha.

Kutengeneza gogo

Gawa donge mara mbili kwa mizani, karibu gramu 375 kila moja. Weka nusu moja juu ya karatasi ya kuokea na ulibane kwanza kwa viganja mpaka liwe kama soseji nene isiyo na nyufa. Watu huanza kuvingirisha kabla ya kubana, hewa inabaki ndani, na siku ya kukata kila biskuti ina tundu katikati.

Vingirisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje mpaka lifike sentimita 25. Sasa tumia rula: funika gogo kwa nusu ya karatasi, shikilia ncha ya chini kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine sukuma rula kwenye ubavu wa gogo, juu ya karatasi, kama unalisukuma liingie chini yako. Karatasi inakaza, donge linabanwa pande zote kwa pamoja, na nyufa ndogo zinajifunga. Rudia mara mbili tatu. Kisha zungusha karatasi iliyobaki na usokote ncha zote mbili kama peremende.

Likilazwa lilivyo kwenye rafu ya friji, gogo litakuwa bapa upande wa chini na biskuti zote zitakuwa na umbo la dirisha la msikiti lililolala. Unaweza kuligeuza kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Dawa isiyo na usumbufu ni lile bomba la kadibodi linalobaki tishu za jikoni zikiisha: lipasue kwa urefu, laza gogo ndani, lifunge kwa mpira. Kipenyo chake kwa kawaida ni karibu sentimita 4, na ndiyo sababu unene ule ulichaguliwa.

Juu ya karatasi ongeza kizuizi cha harufu. Siagi hunyonya harufu, na friji yenye vitunguu vilivyokatwa au omena itazifanya biskuti zako zisimulie kila kilichokuwemo. Chombo cha plastiki chenye kifuniko kinatosha. Pakiti safi ya mkate nayo inafaa: ingiza gogo, toa hewa, kunja.

Muda kwenye friji ni saa 2 kwa uchache, na usiku kucha ni bora. Saa mbili zinaigandisha siagi. Usiku mzima unaupa unga nafasi ya kunywa maji yaliyomo kwenye siagi na viini, na donge hukatika bila kumeguka. Friza kwa dakika 40 inaweza kuchukua nafasi ya zile saa mbili ukiwa na haraka, lakini nje huganda kabla ya ndani, kwa hiyo liache gogo nje dakika 5 kabla ya kukata.

Stima ikipotea, usifungue friji kuangalia. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa karibu saa nne. Baada ya hapo bonyeza gogo: likiwa bado baridi na gumu, endelea. Likilegea kwa saa kadhaa, kumbuka lina mayai mabichi, litupe.

Kukata

Kabla ya kisu, ule ute wa mayai. Piga kidogo kwa uma, paka juu ya gogo kwa safu nyembamba, kisha vingirisha gogo kwenye sukari ya kawaida yenye chembe kubwa, simsim au nazi kavu iliyokunwa. Sasa ile sukari tuliyoikataa ndani inapendeza nje, kwa sababu haiyeyuki na inaacha ukingo unaometa.

Kata vipande vya milimita 7. Weka rula pembeni ya gogo na uweke alama chache kwa ncha ya kisu. Macho hudanganya baada ya kipande cha tano, na biskuti zenye unene tofauti haziivi pamoja: nyembamba zitaungua wakati nene bado ni mbichi. Shusha kisu moja kwa moja, usikitumie kama msumeno, na zungusha gogo robo mzunguko baada ya kila kipande ili upande mmoja usilemewe. Pangusa kisu kikianza kushika mafuta.

Gogo linatoa habari zake lenyewe. Vipande vikimeguka, limeganda mno; subiri dakika 5 hadi 10. Kisu kikilibonyeza likawa yai, limelegea, lirudishe. Julai utaweza kukata gogo zima kwa utulivu. Februari kata nusu tu, nusu nyingine ikae kwenye friji mpaka trei ya pili.

Kuoka

Washa oveni dakika 20 mapema, nyuzi 175, na kama ina feni, nyuzi 160. Oveni za gesi zenye namba badala ya nyuzi: namba 3 ni karibu nyuzi 165, namba 4 ni karibu 180, simama kati yake. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani hakigharimu sana na kitakuonyesha jinsi kitufe cha oveni kinavyosema uongo.

Panga vipande kwenye trei yenye karatasi, ukiacha sentimita 2 kati yake, uweke rafu ya katikati. Oka dakika 12 hadi 15 na uigeuze trei, mbele nyuma, ikifika dakika ya 7. Oveni nyingi za gesi za majumbani zina moto wa chini peke yake, na huko ndiko biskuti huungua. Pandisha rafu ngazi moja na weka trei mbili, moja juu ya nyingine. Pengo jembamba la hewa kati yake linapunguza makali ya moto.

Ziko tayari kingo zikiwa na rangi ya dhahabu na katikati pakiwa bado peupe, pasipong'aa. Zitakuwa laini ukizigusa, na hapo watu wengi huogopa wakazirudisha. Toa. Siagi ya moto ni kimiminika na biskuti hukauka na kushikana ikipoa, kwa hiyo ziache kwenye trei dakika 5 ndipo uzihamishie kwenye wavu. Ukingoja ziwe ngumu ndani ya oveni, baridi zitakuwa kama kigae.

Trei ya pili isitue kwenye bati lenye moto. Vipande vitaanza kuyeyuka kabla hata mlango haujafungwa. Pitisha bati chini ya maji, ulikaushe, kisha panga.

Kwa jiko la makaa inawezekana, biskuti 8 hadi 10 kwa awamu. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu kina cha sentimita 2, weka juu yake mawe matatu madogo, funika na upashe moto dakika 15. Panga biskuti kwenye sahani ya bati na uiweke juu ya mawe, isiguse mchanga. Chini bakiza makaa machache; mengi yapande juu ya kifuniko, maana rangi inatoka juu. Chungulia dakika ya 10. Fanya kazi hii nje au kwenye baraza lililo wazi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua, na chumba cha ploti kilichofungwa dirisha kwa sababu ya baridi si mahali pake.

Ladha nyingine

Vipimo hivi ni vya gogo moja. Iliki ya unga, nusu kijiko cha chai, ndiyo inayoelewana zaidi na chai ya maziwa. Tangawizi ya unga, kijiko cha chai kimoja. Ganda la limau au chungwa lililoparuzwa, uliponde na sukari kabla ya kutia siagi ili mafuta yake yatoke. Kahawa ya kuyeyuka, kijiko kikubwa kimoja kilichokorogwa kwa kijiko cha chai kimoja cha maji moto, ikapoa. Njugu karanga au makadamia zilizokaangwa, gramu 60, zilizokatwakatwa zisizidi punje ya ndengu; kipande kikubwa cha njugu kitanaswa na kisu na kupasua gogo zima. Makadamia ndizo chaguo letu ukipata za bei nafuu, kwani mafuta yake yanakaa vizuri na siagi.

Kwa kakao, gawa mchanganyiko wa siagi, sukari na viini mara mbili kabla ya unga, kila nusu karibu gramu 200. Nusu moja itie unga gramu 175, nyingine unga gramu 155 na kakao gramu 20. Usiongeze kakao juu ya unga uliokamilika, kwa sababu nayo hunywa maji na donge litapasuka.

Zikikataa

Zikitandazika na kuungana, gogo halikuwa baridi, trei ilikuwa moto, au majarini ilikuwa na maji mengi. Oka moja ya majaribio kabla ya trei nzima. Ikitandazika, rudisha vipande kwenye friza dakika 10 juu ya trei yake. Zikiwa ngumu, ulikanda sana, ulizidisha unga kwa kushindilia kikombe, au ulizichelewesha. Zikiwa za ungaunga na kumeguka baada ya kuiva, unga ulizidi au gogo halikubanwa. Chini nyeusi na juu peupe ni moto wa chini. Rudi kwenye trei mbili.

Kuhifadhi

Gogo bichi hukaa siku 3 kwenye friji na miezi 2 kwenye friza, likiwa limefungwa mara mbili na kuandikwa tarehe na ladha kwa kalamu, kwa sababu la iliki na la vanila yakiganda hayatofautiani. Kutoka friza, lihamishie kwenye friji usiku uliotangulia, au liache mezani dakika 15 mpaka kisu kipite. Vipande vilivyokatwa tayari vikagandishwa vinaingia oveni moja kwa moja. Ongeza dakika 2.

Biskuti zilizoiva hukaa wiki 2 kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, zikipoa kabisa kwanza, maana mvuke ukifungiwa ndani unazilegeza zote. Wakati wa mvua za masika hulegea upesi zaidi. Zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, ziache zipoe kwenye wavu, na zitavunjika tena kwa mlio.